Siku nane nikifuata nyayo za matabibu wa Misri ya kale

Siku ya kwanza: Cairo

Ndege ilitua kabla ya alfajiri. Mtoto wa kaka yangu, ambaye huu ni mwaka wake wa tatu akisoma Al-Azhar, alikuwa ananisubiri nje amevaa sweta nzito, kwa kuwa Januari ya Cairo ina baridi ambayo mtu wa Tanga hakuizoea. "Shikamoo shangazi," alisema, akanipokea begi, kisha akaniuliza swali ambalo nyumbani wameniuliza wote: kwa nini muuguzi mstaafu atumie akiba yake kwenda kutazama makaburi? Nilimjibu kwa kumsomea, tukiwa ndani ya teksi, kipande cha tafsiri nilichokinakili katika daftari langu.

Kinatoka katika maandishi ya mafunjo yanayoitwa kwa jina la Edwin Smith, Mmarekani aliyeyanunua Luxor mwaka 1862. Yalinakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo kutoka katika maandishi ya zamani zaidi, nayo yana visa 48, vingi vikiwa vya majeraha, vilivyopangwa kuanzia utosini kushuka chini. Kisa cha 31 kinamhusu mtu aliyeteguka pingili ya shingo: hana habari ya mikono yake wala miguu yake, uume wake umesimama, mkojo unamtoka bila yeye kujua, na macho yake yamewiva kwa damu. Tabibu anaagizwa kutamka kwamba hayo ni maradhi yasiyotibiwa.

Mwaka wangu wa pili kazini nilimuuguza mkwezi wa minazi aliyeanguka kutoka kileleni, na kila kilichoandikwa pale nilikiona kitandani kwa macho yangu. Aliishi siku kumi na moja. Nilipokutana na kisa hicho miaka mingi baadaye nilitaka kuiona nchi ya mtu aliyeketi kando ya mgonjwa wa namna ile, akamtazama kwa makini kiasi hicho, na asiwadanganye waliokuwa wakimngoja mlangoni.

Siku ya pili: Makumbusho ya Tahrir

Makumbusho ya Misri katika uwanja wa Tahrir yana vitu vingi kuliko jicho liwezavyo kustahimili kwa siku moja, kwa hiyo niliamua mapema kutafuta vichache tu. Cha kwanza kilikuwa mbao za kuchongwa za Hesyre, ofisa wa zama za mfalme Djoser, zaidi ya miaka 2,600 kabla ya Kristo, ambaye mojawapo ya vyeo vyake husomwa na wataalamu wengi kuwa mkuu wa matabibu wa meno. Amechongwa akiwa na vifaa vyake vya kuandikia, na hilo lilinipa la kufikiri, kwa kuwa tabibu wa Misri, aliyeitwa kwa lugha yao sunu, alijifunza kwa kusoma na kunakili kabla ya kupewa mgonjwa. Herodotus, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alishangaa kukuta kwamba kila tabibu alishughulikia maradhi ya aina moja, huyu macho, yule kichwa, mwingine meno au tumbo. Meno yaliwapa kazi ya kutosha, kwani mchanga wa jangwani na vumbi la mawe ya kusagia viliingia katika mkate, na mafuvu ya watu wazima, maskini kwa wafalme, huonyesha meno yaliyolika hadi ndani.

Cha pili kilinisimamisha karibu saa nzima. Ni sanamu ya jiwe jeusi ya mtu aitwaye Djedhor, ya karne ya 4 kabla ya Kristo, iliyotoka Athribis katika nchi ya Delta. Ameketi amekunja magoti, na mwili wake karibu wote, hata nguo na kitako alichokalia, umejaa maandishi madogo ya maneno ya kujikinga na nyoka na nge, huku mbele yake kukiwa na jiwe linalomwonyesha mungu Horus akiwa mtoto amesimama juu ya mamba. Maji yalimwagwa juu ya sanamu, yakateremka juu ya maandishi na kuchukua nguvu ya maneno, yakaingia katika bakuli lililochongwa chini, na mgonjwa akayanywa.

Nilipomaliza kumweleza kijana, alinyamaza kidogo. "Shangazi," akasema, "hili ni kombe."

Ndivyo nilivyowaza pia. Kwetu pwani mwalimu huandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji, na mgonjwa akapewa anywe. Sidai kwamba desturi moja imeizaa nyingine, maana imani na maneno yenyewe ni mbali na mbali. Lakini mtu aliyekunywa kombe utotoni hawezi kusimama mbele ya Djedhor na kuwacheka waliokunywa maji yake. Marehemu mama yangu alinipa kombe usiku wa homa, na asubuhi yake akanibeba mgongoni hadi zahanati, wala hakuona kwamba moja linalikanusha lingine.

Siku ya tatu: Saqqara

Saqqara iko kiasi cha kilomita 30 kusini mwa Cairo, pale ambapo mashamba ya mitende yanakoma na mchanga unaanza ghafla. Piramidi ya ngazi ya Djoser, yenye urefu wa karibu mita 60, inahusishwa na Imhotep, na wageni wengi huambiwa kwamba huyo ndiye tabibu wa kwanza duniani aliyejulikana kwa jina. Napenda jambo hili lisemwe kwa usahihi. Maandishi ya zama za Imhotep mwenyewe, yaliyo kwenye kitako cha sanamu ya mfalme wake, yanamtaja kuwa mweka muhuri wa mfalme na kuhani mkuu wa Heliopolis, wala hayataji utabibu. Sifa ya uponyaji ilikua baada ya kifo chake, hata zaidi ya miaka 2,000 baadaye watu wakamwabudu kama mungu, Wagiriki wakamlinganisha na Asklepios, mungu wao wa uponyaji, na wagonjwa wakaja hapa Saqqara kumwomba.

Wenye cheo cha utabibu hasa hawakosekani. Kulikuwa na Qar, tabibu wa Nasaba ya Sita ya wafalme wa Misri, aliyezikwa hapahapa pamoja na vifaa vidogo vya shaba. Kulikuwa pia na Peseshet, mwanamke wa Ufalme wa Kale, yaani zama za piramidi kubwa, ambaye jiwe lake lilipatikana Giza katika kaburi la Akhethotep likimtaja kuwa msimamizi wa matabibu wanawake. Nililiandika jina lake kwa herufi kubwa katika daftari langu. Cheo cha kusimamia kinaonyesha kwamba walikuwapo wanawake wengine wa kusimamiwa, na mimi niliyekaa wodini miaka 34 ningetoa mengi kujua jinsi walivyogawana zamu zao.

Mchana tuliingia katika kaburi la Ankhmahor, ambalo watu hulijua kwa picha ya tohara iliyochongwa karibu na mlango. Vijana wawili wamesimama. Mmoja ameshikwa mikono kwa nyuma, na maneno yaliyochongwa juu yake yanaagiza ashikwe barabara asije akazimia. Kijana wangu, aliyepita jandoni kama wenzake, alitazama kisu kilichokuwa mkononi mwa ngariba wa Saqqara kwa muda mrefu bila kusema neno.

Nikiwa nimeketi kivulini nilimsimulia habari ya mabanzi ya Naga ed-Deir, makaburi ya kale ya kusini mwa Misri. Mwaka 1908 Grafton Elliot Smith, mtaalamu wa anatomia, alieleza mifupa iliyovunjika iliyochimbuliwa huko ikiwa bado imefungiwa mabanzi na vitambaa vya kitani, ya watu walioishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mifupa hiyo haikuwa imeanza kuunga, maana yake wagonjwa walifariki muda mfupi baada ya kufungwa. Kiswahili chetu kinaikumbuka kazi hii: kuganga ni kufunga na kuunga kilichovunjika, gango ndilo linaloshikilia, na mganga, kwa asili ya neno, ni mwenye mikono ya kufanya hivyo.

Siku ya nne: Fustat

Aprili 2021 maiti 22 za kifalme, za wafalme 18 na malkia 4, zilihamishwa kwa msafara wa heshima kutoka Tahrir hadi makumbusho mapya ya Fustat. Chumba chao kiko chini, kina mwanga hafifu, na picha haziruhusiwi. Niliingia kama niingiavyo wodini usiku, kwa hatua ndogo.

Mfalme Seqenenre Tao, aliyefariki katika miaka ya 1550 kabla ya Kristo, ana majeraha ya kutisha kichwani, mojawapo likiwa pengo la shoka kwenye paji la uso. Ni mtu wa karne ileile ambayo mafunjo ya Edwin Smith yalinakiliwa, na nilijikuta nikimpima kwa maneno yake: tia kidole katika jeraha, hisi kama mfupa umepasuka, angalia kama damu inatoka puani na masikioni, angalia kama shingo imekakamaa. Kila kisa humalizikia katika hukumu mojawapo ya tatu. Ya kwanza ni "maradhi nitakayoyatibu", ya pili ni "maradhi nitakayopambana nayo", na ya tatu ni ile niliyokwisha kuitaja. Jeraha la kutibika lilifungwa kwa nyama mbichi siku ya kwanza, kisha kwa shahamu, asali na nyuzi, kila siku hadi lipone. Asali tunaijua: huvuta maji na kuua vijidudu, na hospitali za leo zimeirudisha kwenye baadhi ya vidonda. Katika visa vyote 48, kimoja tu, cha 9, ndicho chenye maneno ya kusomewa mgonjwa.

Ramses III alikatwa koo. Picha za kompyuta zilizotangazwa mwaka 2012 zilionyesha jeraha refu hadi mfupani, na ndani yake hirizi ya jicho la Horus iliyowekwa na waliomtayarisha kwa maziko. Siptah ana mguu uliopinda. Ramses V ana vipele usoni ambavyo wataalamu wengi wanavitambua kuwa ndui.

Tulipotoka kijana aliniuliza kama ni kweli kwamba neno mumiani linahusiana na mambo haya. Linahusiana. Mumia lilikuwa jina la lami ya dawa iliyotoka Uajemi, na watu wa zama za kati walipoona utomvu mweusi katika maiti za Misri walidhani ni kitu kilekile, jina likahamia kwenye maiti zenyewe. Kwa karne kadhaa maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti kama tiba. Kwetu pwani mumiani ilikuwa dawa nyeusi ya kuungia mifupa, kisha likawa jina la kuwatishia watoto, wakaambiwa kwamba kuna watu wanyonyao damu usiku. Nilikua nikiliogopa neno hilo, na leo nimesimama mbele ya wafalme waliolibeba.

Jioni, njiani kuelekea stesheni, tulipita karibu na hospitali ya Qasr al-Aini, ambako mwaka 1851 tabibu Mjerumani Theodor Bilharz aligundua mnyoo wa kichocho. Mwaka 1910 tabibu Marc Armand Ruffer alikuta mayai ya mnyoo huohuo yaliyogeuka kuwa kama chokaa katika figo za maiti mbili za Nasaba ya 20. Watoto waliokojoa damu kando ya mifereji ya Nile miaka 3,000 iliyopita wangeweza kuwa watoto wa mashamba yetu ya mpunga.

Siku ya tano: Luxor, ng'ambo ya magharibi

Treni ilitufikisha asubuhi. Tulivuka mto kwa kivuko na kwenda moja kwa moja Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochimba makaburi ya wafalme. Nyumba zimebaki kuta za chini tu, nyembamba, zimebanana, na mtu anaweza kusimama katikati ya uchochoro akagusa milango ya majirani wawili.

Hapa ndipo ugonjwa wa mtu wa kawaida ulipoandikwa. Juu ya kipande kikubwa cha chokaa, ambacho leo kiko British Museum, karani wa mwaka wa 40 wa Ramses II aliorodhesha mafundi wasiofika kazini na sababu zao: huyu mgonjwa, huyu ameumwa na nge, yule macho yanamuuma. Mmoja alikosa siku nyingi kwa kuwa alikuwa anatayarisha dawa za wenzake. Nimewahi kujaza madaftari ya namna hiyo kwa miaka mingi, na sikutarajia kuguswa na mahudhurio ya watu waliokufa zamani kama nilivyoguswa.

Mchoraji mmoja wa kijiji hiki, Pay, alipofifia macho alimwandikia mwanawe Pareemheb asimpe kisogo, amletee asali ya macho, udongo mwekundu, na wanja wa kweli. Wanja wao mweusi ulitokana na madini ya risasi. Mwaka 2010 wanakemia wa Ufaransa walionyesha kwamba baadhi ya chumvi za risasi zilizomo katika vipodozi hivyo, kwa kiasi kidogo sana, huchochea seli kutoa kemikali inayoamsha kinga ya mwili. Hata hivyo risasi ni sumu, na mama anayempaka mtoto mchanga wanja wa namna hiyo ningemzuia leo kama nilivyowazuia wengi.

Alasiri tulipanda hekalu la Hatshepsut huko Deir el-Bahari, ambako ukutani kumechongwa safari ya kwenda Punt, nchi ambayo wataalamu wengi wanaiweka upande wa pembe ya Afrika, na miti ya manukato ikibebwa katika vikapu pamoja na mizizi yake. Ubani na manemane viliingia katika dawa zao kama vilivyoingia katika vyetezo vyetu. Katika baraza ya juu, zama za Waptolemayo, wafalme wenye asili ya Kigiriki, wagonjwa walikuja kuwaomba Imhotep na Amenhotep mwana wa Hapu, ofisa mwingine aliyefanywa mungu, wakaacha maandishi yao kwenye kuta.

Siku ya sita: Luxor

Tumbo liliniharibikia usiku na sikutoka chumbani hadi alasiri. Kijana alinikorogea maji ya chumvi na sukari, akakaa karibu, na mimi nikatumia siku kumsomea niliyoyanakili kutoka mafunjo ya Ebers, yaliyonunuliwa katika mji huuhuu na Georg Ebers katika majira ya baridi ya 1872 na 1873, na ambayo sasa yako Leipzig. Yana karibu dawa 880, na tumbo ndilo lililopewa nafasi kubwa mwanzoni, kwa hiyo nilikuwa msomaji aliye mahali pake.

Waliamini kwamba mwili una mifereji, metu kwa lugha yao, ipitishayo damu, hewa, machozi, mkojo na mbegu, yote ikikutana moyoni, na kwamba uchafu wa tumbo ukipanda humo huleta maradhi. Ni fikra ya watu walioishi kwa mifereji ya mashamba, ambayo ikiziba shamba hufa. Kwa hiyo walitumia sana dawa za kuharisha, na mafuta ya nyonyo yamo. Walikosea kuhusu mkojo na machozi. Lakini katika maandishi hayohayo imeandikwa kwamba popote tabibu atiapo vidole vyake, kichwani, kisogoni, mikononi, tumboni au miguuni, anaukuta moyo, kwa kuwa moyo husema katika mishipa ya kila kiungo. Nilimshika kijana kifundo cha mkono nikamwonyesha.

Asiyeona usiku alipewa maini ya ng'ombe, nasi tunajua kwamba maini yana vitamini A. Katika mafunjo mengine, yaliyoko Berlin, mwanamke aliyetaka kujua kama ana mimba alikojolea shayiri na ngano kila siku, akangoja kuona kama zitaota. Mwaka 1963 watafiti wa Misri walilijaribu jambo hilo na kukuta kwamba mikojo ya wajawazito iliotesha mbegu kwa kiasi cha asilimia 70. Katika mafunjo ya Ebers mna pia kinyesi cha wanyama, damu ya popo, na mambo ambayo bila shaka yaliwaua watu. Sipendi wanaochagua asali na maini wakaficha kinyesi, wala sipendi wanaofanya kinyume chake. Mtu aliyeandika yote mawili ni mmoja, na alikuwa na mgonjwa mbele yake.

Jua lilipopungua ukali nilijikongoja hadi Karnak, kwenye hekalu dogo la mungu Ptah, ambako sanamu nyeusi ya mungu wa kike Sekhmet mwenye kichwa cha simba imesimama gizani ikiangaziwa na tundu moja la dari. Waliamini kwamba yeye ndiye aletaye tauni na ndiye aiondoaye, na makuhani wake walihesabiwa miongoni mwa waganguzi. Hatukukaa sana.

Siku ya saba: Dendera

Safari fupi kuelekea kaskazini, karibu na Qena. Hekalu la mungu wa kike Hathor limehifadhika vizuri mno, rangi ya buluu bado imo darini, lakini nilichokifuata ni magofu ya matofali ya udongo yaliyo kando yake, yanayodhaniwa kuwa nyumba ya wagonjwa. Vyumba vidogo vimezunguka mahali pa maji, na hapo maji yalipitishwa juu ya maandishi kama yale ya Djedhor. Wagonjwa walilala humo wakingoja ndoto. Mtunzaji wa pale alituacha tukae kimya kadiri tulivyotaka, na kijana akaswali adhuhuri kwenye kivuli cha ukuta wa nje.

Siku ya nane: Kom Ombo na Aswan

Tuliondoka Luxor kwa gari alfajiri mbichi. Huko Kom Ombo, kwenye ukuta wa nyuma wa hekalu la miungu Sobek na Horus Mkubwa, kuna mchongo wa zama za Warumi unaoonyesha meza ya vifaa: mikasi, koleo, ndoana, mizani, na vyombo vya mviringo ambavyo mtu wa kwetu angevitambua mara moja kuwa vya kupigia chuku. Kando yake wameketi wanawake wawili kwenye viti vya kuzalia. Baadhi ya wataalamu wanasema vifaa hivyo ni vya ibada, si vya upasuaji. Mimi nilivitazama kwa jicho la mtu aliyepanga sinia za chumba cha upasuaji maelfu ya mara, na mpangilio ule, kila kifaa na mahali pake pa kuokotwa bila kutafuta, ulinielekeza upande wa wanaosema ni vya tabibu.

Mchana tulifika Aswan, tukavuka kwa mashua hadi mahekalu ya Philae, ambako Ptolemy V alimjengea Imhotep hekalu dogo. Nilikaa kizingitini nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari. Kisa cha 48 cha mafunjo ya Edwin Smith, cha maumivu ya uti wa mgongo, kinakatika katikati ya sentensi. Mnakili aliacha hapo, na sehemu iliyobaki ya karatasi ikabaki tupu. Lakini kuna maneno ya kisa cha 3 ambayo nilikuwa nimeyaweka kwa ajili ya siku hii. Tabibu akisha kumfunga mgonjwa jeraha la kichwa anaagizwa: mfunge kwenye vigingi vyake, kama mashua ifungwavyo ukingoni, hadi muda wa hatari upite. Mwandishi aliongeza maelezo ili asieleweke vibaya: maana yake ni kumpa chakula alichokizoea, bila kumpa dawa. Kumtunza, kukaa naye, kungoja.

Mkwezi wangu alipenda uji wa mchele wenye tui jepesi. Mkewe aliuleta kila asubuhi, nami nilimnywesha kijiko kwa kijiko siku kumi na moja, nikidhani wakati huo kwamba sikuwa na la maana la kufanya.

Tulirudi ukingoni jua likizama. Nahodha wa Kinubi aliruka kabla mashua haijagusa nchi, akachukua jiwe, akagongomea kigingi cha mti katika udongo kwa mapigo matano, akafunga kamba, akaivuta mara mbili kuhakikisha imeshika, kisha akanipa mkono nishuke.